Kati ya Gari Jeupe na la Kijani

Juzi mtoto wa marehemu dada yangu alikuja kutoka Mwanza na picha za magari mawili kwenye simu yake. Ana kazi nzuri, ana watoto wawili, na anataka gari la kumpandisha milima yetu bila kumaliza mshahara kwenye mafuta. Yote mawili ni yale magari ya siku hizi ya saizi ya kati, yaliyonyanyuka juu, yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Alikuwa ameshajua kila kitu: injini, ulaji wa mafuta, upatikanaji wa spea. Lililobaki ni kuamua tu.

"Mjomba, fundi wa ukoo ni wewe," akaniambia. "Nichagulie. Hili hapa lina buti kubwa zaidi."

Nilimwambia buti lisimsumbue. Aende kwa muuzaji, akae kiti cha nyuma, afumbe macho, azungushwe kwenye barabara mbovu kwa nusu saa, ndipo aamue. Alicheka. Nadhani aliona mzee ameanza kuchanganya mambo. Sikumweleza zaidi, kwa sababu mama yake alikufa yeye akiwa hajaanza shule, na katika kufa kwake kuna gari nililolichagua mimi. Mbele ya uso wake nilishindwa kusema, kwa hiyo naandika.

Ufundi niliupata kwenye vita ya Uganda. Nilikuwa utingo wa lori la kahawa, na serikali ilipokusanya magari ya watu na ya vyama vya ushirika ili kupeleka jeshi kaskazini, lori letu lilichukuliwa pamoja na sisi tuliokuwa ndani yake. Dereva wangu alishikwa na malaria ng'ambo ya Mto Kagera, nikapewa usukani kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu nao. Mafundi wa jeshi walinifundisha kufungua giaboksi kwa matusi, na matusi yao yalikuwa mwalimu mzuri. Nilirudi nyumbani nikipokewa kama mtu aliyepigana. Sikupigana na mtu yeyote. Nilibeba unga, maji, risasi, na wakati mwingine maiti.

Baada ya vita tulikuwa na njaa ya kila kitu. Sabuni ilikuwa magendo, petroli ilikuwa kwa kibali, na tairi moja zima liliweza kuwakosanisha ndugu. Halafu ukaja ugonjwa. Mwanzoni tuliuita kwa jina la kitambaa kilichovushwa kutoka Uganda, kwa kuwa wasichana waliokivaa ndio walioanza kukonda, au tulipenda kuamini hivyo. Baadaye tulifundishwa jina lake halisi, lakini msibani hakuna aliyelitamka. Msibani watu walikufa kwa kifua, kwa malaria, kwa kurogwa na jirani.

Na kwetu mtu hazikwi popote tu. Anazikwa kwenye kibanja cha ukoo wake, kati ya migomba ya baba yake, hata kama alifia Dar es Salaam au visiwani kwenye samaki. Miaka ile walirudi kila wiki. Ukikaa pale madukani Nshamba, karibu na kwetu, ungeona majeneza yanapita juu ya malori ya ndizi, juu ya matrekta, mara nyingine juu ya baiskeli mbili zilizofungwa pamoja. Mafundi seremala waliacha kutengeneza vitanda.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mmoja wa hao waliorudi. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki katika visiwa vya Muleba, mtu wa vicheko vingi na wanawake wengi, na alifia huko huko. Wenzake walimleta kwa boti hadi mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki. Mimi nilikwenda kumpokea na pikapu ya kukodi ambayo bodi yake ilikuwa fupi. Jeneza lilitokeza nje karibu nusu. Tulilifunga kwa kamba, nikamwambia dereva aende taratibu, na mimi nikakaa nyuma nikilishikilia kwa mikono miwili.

Kwenye mlima wa mwisho kabla ya Nshamba kamba ilikatika. Sikuweza kulizuia. Jeneza lilishuka barabarani kwa upande wa miguu, kifuniko kikapasuka, na ilikuwa siku ya gulio. Sitasema nilichokiona. Nitasema tu kwamba wanawake waliokuwa wamebeba mikungu waliitua, wakageuka kutazama migomba, na kwa adabu hiyo yao nilitamani kuwapiga mawe. Nyumbani habari ilitutangulia. Mama alikuwa amesimama kiamboni, mbele ya nyumba yetu. Hakulia. Aliniuliza swali moja: "Mmemwangusha?"

Basi nilijiapia kwamba hakuna mtu mwingine wa tumbo lile atakayeanguka barabarani. Huo ndio moyo niliokuwa nao siku tulipotumwa Bukoba kununua gari.

Gari lilitokana na barua. Usharika wetu ulikuwa na zahanati ndogo, na muuguzi wake alikuwa dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa. Mume wake, dereva wa masafa marefu, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia na kumwachia huyu mtoto mmoja. Dada alikuwa amewaandikia Wakristo wa Ulaya waliokuwa marafiki wa usharika, akawaeleza kwamba wagonjwa wanabebwa kwa machela hadi Muleba na wengine wanafia njiani. Wakaleta fedha za gari moja, si jipya. Baraza la wazee likachagua watu watatu wa kwenda kulitafuta: mzee wa kanisa aliyekuwa mwenyekiti, dada kwa kuwa gari ni la zahanati, na mimi kwa kuwa ni fundi. Wote wawili walikuwa wamesema wazi kwamba hawajui tofauti ya klachi na breki.

Magari yalikuwa mtaa wa Bakoba, hapo hapo mjini Bukoba, uani kwa mwenye gereji mmoja, mtu mnene mpole aliyekuwa akiuza vitu vya mradi wa maji uliofungwa. Yalisimama kando kwa kando. Majina ya viwanda siyataji. Hadi leo wako watu wazima hapa Kagera ambao hawanywi chai meza moja kwa sababu mmoja anaamini hili na mwingine lile, na sina haja ya kuwaongezea kuni. Moja lilikuwa jeupe na fupi, lina viti vya watu watano, springi laini, na nafasi ndogo ya mizigo nyuma. Lingine lilikuwa la kijani, refu, bodi ngumu, na nyuma lilikuwa na mabenchi mawili ya chuma yaliyotazamana, ambayo ukiyakunja juu ilibaki sakafu tupu. Umri mmoja, nguvu moja, na fedha zetu zilitosha kwa lolote kati ya hayo.

Nilikuwa na kamba ya katani mfukoni. Nilikuwa nimeipima kwa seremala kwenye jeneza la mtu mrefu na kuikata. Nikafungua mlango wa nyuma wa lile jeupe, nikanyoosha kamba, ikapita mlango na kuning'inia nje. Kwenye la kijani ililala yote sakafuni, na mlango ukafungwa, na ikabaki nafasi ya kiganja. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu vita iishe. Mzee wa kanisa aliielewa kamba ile mara moja. Na yeye alikuwa amezika watoto watatu.

"Waitu, jamani, mlango unafunga," alisema, akaufungua na kuufunga tena mwenyewe.

Dada alikuwa amesimama pembeni, mkoba ameukumbatia. Aliuliza, "Na mgonjwa atakaa wapi?"

"Kwenye benchi," nikasema.

"Mgonjwa wa kifua kwenye benchi la chuma, kutoka Nshamba hadi huku?"

"Tutatandika blanketi."

"Umewahi kuhara damu wiki mbili ukakalia chuma, hata kama kina blanketi?"

Mzee wa kanisa alitazama chini. Halafu akasema, kwa uaminifu wake, kwamba barua ya wale marafiki ilitaja wagonjwa, haikutaja maiti, na kwamba yeye kama mwenyekiti hawezi kuwadanganya watu waliotoa sadaka. Lakini alikuwa anaitazama sakafu ya lile la kijani huku akisema. Akaomba tuyajaribu yote mawili barabarani, kisha Mungu atuongoze. Mwenye gereji akamchukua ndani kunywa chai wakati mimi nakagua mafuta na maji.

Hapo ndipo dada alinifuata mbele ya boneti ya lile jeupe. Nilikuwa nimeinama, nimeshika kijiti cha kupimia oili. Alisema kwa sauti ndogo, na kwa Kiswahili, ingawa sisi wawili tulizungumza Kihaya siku zote. Nadhani alitaka maneno yasije karibu mno.

"Nakohoa tangu Pasaka. Usiku nalowa shuka. Unajua ni nini, usijifanye hujui."

Nilifuta kijiti, nikakirudisha, nikakitoa tena.

"Dawa ya ugonjwa wenyewe hakuna," aliendelea. "Lakini kifua kinatibika, na kuhara kunatibika, ukiwahi. Naweza kupata miaka miwili, mitatu. Mtoto ataanza shule. Kila mara nitahitaji kufika hospitali na kurudi, nikiwa nimekaa kitini kama mtu. Ninunulie gari hilo, mdogo wangu. Jeupe."

Nilimjibu nini? Nilimwambia oili ya hili ni chafu. Ndiyo maneno yaliyonitoka.

Nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza kilichotokea kichwani mwangu pale. Si kwamba sikumpenda. Nilimpenda kuliko wote waliobaki. Lakini aliposema "nakohoa tangu Pasaka" sikuona kiti, sikuona shule ya mtoto. Niliona mlima, na kamba inakatika, na safari hii ni yeye. Nilikasirika. Alikuwa ananiomba miaka miwili na mimi tayari nilikuwa namzika.

Tulilijaribu la kijani kwanza, kutoka Bakoba kupanda kilima cha Buhembe na kurudi. Mzee wa kanisa alikaa mbele nami, dada nyuma kwenye benchi. Kupitia kioo nilimwona anajishikilia kwa mikono yote miwili, na kila shimo lilimrusha. Gari lenyewe lilipanda vizuri. Sina la kulilaumu.

Kisha lile jeupe. Dada alikaa kiti cha nyuma, akaegemea, akafumba macho. Tulipita yale mashimo yale yale. Nilipomtazama kiooni alikuwa amelegeza mabega na mdomo umefunguka kidogo, usingizi unamchukua. Mzee wa kanisa naye aligeuka kumtazama, kisha akanitazama mimi, na nikajua amekwisha kuamua. Alikuwa mtu mwema na macho hayakumdanganya.

Tulikuwa tunapanda kilima cha Buhembe kwa gia ya tatu. Giaboksi ile ilikuwa nzima, laini, inaingia bila kelele. Nilisogeza goti langu la kushoto hadi kwenye kigingi cha gia, nikasukuma. Gia ikatoka, injini ikapiga kelele, gari likapoteza nguvu likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki. Mzee akashika dashibodi.

"Inaruka gia," nikasema.

Nikaiweka tena. Mbele kidogo nikaifanyia vilevile.

"Ya tatu imekwisha," nikasema. "Hiyo ni giaboksi nzima kushuka, na spea yake hakuna hapa wala Mwanza. Likitukwamia mlimani na mgonjwa ndani, ni kifo."

Nilitumia neno hilo, kifo, na yeye kule nyuma macho ameshayafumbua.

Mzee aliniamini. Alikuwa amesema mwenyewe kwamba hajui klachi. Tulirudi Bakoba, tukanunua la kijani, na mwenye gereji alishangaa kidogo, kwa sababu yeye alijua magari yake. Lakini alikuwa anauza, na anayeuza hamuulizi mnunuzi sana. Lile jeupe lilichukuliwa na mnunuzi wa kahawa wa Muleba. Nililiona likipanda na kushuka milima hiyo miaka na miaka, na gia yake ya tatu haikuruka hata siku moja.

Njiani kurudi dada alikaa mbele, kati yetu, kwa kuwa mzee alijisogeza kumpisha. Tulipofika Kemondo mzee alikuwa anakoroma dirishani. Dada alisema kwa Kihaya, polepole, akitazama barabara:

"Hilo goti lako lina nini?"

"Halina kitu."

"Nilidhani linauma. Nililiona linachezacheza."

Angeweza kumwamsha mzee, tukageuza pale pale. Hakumwamsha. Nimejaribu kujiambia kwamba hakuwa na hakika, lakini dada alikuwa muuguzi wa miaka kumi na mitano, alizoea kuona watu wanaficha. Naamini alinihurumia. Alikuwa kiamboni siku ile Mama alipouliza swali lake.

Nikawa dereva wa gari la kijani. Nisiwe mnafiki: miezi ya mwanzo nilitembea nimeinua kichwa. Wafu wa usharika wetu walirudi nyumbani mlango umefungwa, hawajalowa mvua, hawajapata vumbi. Nilikwenda mwaloni, nilikwenda Bukoba, mara mbili nilikwenda hadi Mwanza. Wazee walinishika mkono kwa mikono miwili. Mama yangu mwenyewe, nilipokuwa nawasha gari kwenda kuchukua mtu, alisimama mlangoni kunitazama na kuitikia kwa kichwa.

Kitu ambacho sikukifikiria, na ambacho dada alikiona kabla ya sisi sote, ni kwamba walio hai wangekataa kulipanda. Kila mtu alijua sakafu ile ina kazi gani. Mgonjwa akiambiwa gari la zahanati linakuja, alielewa kwamba watu wake wamekwisha kukata tamaa na wanamsogeza njiani. Kulikuwa na baba mmoja aliyekuwa na kifua tu, kifua cha kawaida, alijificha ndani ya migomba tulipofika kumchukua. Mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa aliwalazimisha wanaume wanne wa ukoo wake wambebe kwa machela, huku sisi tukiwafuata nyuma na gari tupu, dada akiwasihi kupitia dirishani. Watoto waliacha kulikimbilia. Lilipopita, wanawake walikatisha mazungumzo.

Dada hakukata tamaa upesi. Alifua blanketi, akapaka dawa sakafu hadi ikanuka kama wodi, akashona mito ya nyuzi za migomba na kuitandika kwenye mabenchi. Alikaa nyuma na wagonjwa wachache waliokubali, awaonyeshe kwamba mtu anaweza kuingia humo na kutoka kwa miguu yake. "Niangalie mimi," aliwaambia. "Nimepanda mara ngapi?" Lakini alikuwa anakonda, na watu walimwangalia kweli, wakahesabu kwa namna yao.

Hatukuzungumza juu ya lile jeupe. Tulizungumza juu ya mvua, kahawa, mtoto. Mara moja tu, tulipopishana nalo kwenye kona ya Muleba, mnunuzi wa kahawa akipiga honi kwa furaha, dada alisema, "Linakwenda vizuri." Nikasema ndiyo.

Alizidiwa wakati wa mvua za masika. Homa ilimpanda ghafla na pumzi ikawa fupi. Aliweza bado kukaa, aliweza kutembea hadi mlangoni, na alijua mwenyewe hasa kinachotakiwa: afike hospitali ya Bukoba, achomwe sindano, awahi. Alituma mtu aniite. Mtu huyo hakunikuta. Nilikuwa mwaloni nasubiri boti iliyokuwa inaleta maiti ya mvuvi kutoka visiwani, na ziwa lilikuwa limechafuka, na boti haikuja siku ile wala iliyofuata. Ndugu wa marehemu walikuwa wamekaa chini ya gari langu kukwepa mvua. Nisingeweza kuwaacha. Ndivyo nilivyojiambia, na sijui hata leo kama ni uongo, kwa sababu sikujua kwamba naitwa. Ningejua, sijui ningefanyaje.

Boti ilipofika, tulipakia, nikampeleka marehemu kwao, nikasubiri azikwe kwa kuwa ndiyo heshima, nikarudi nyumbani siku ya nne. Mama alikuwa kiamboni pale pale pa siku zote. Aliniambia, "Dada yako yuko ndani," na sauti yake ilinifanya niache mlango wa gari wazi.

Hakuweza tena kukaa. Tulimwinua akaanguka ubavuni. Tulijaribu kumweka kiti cha mbele, kichwa kikawa kinapiga dashibodi hata kabla sijaondoka. Tulijaribu benchi na mito yake mwenyewe, akateleza. Mwisho hakukuwa na namna nyingine. Niliyakunja mabenchi juu, nikatandika majani makavu ya migomba, juu yake godoro, juu yake mkeka, nikamlaza sakafuni. Alilala mnyoofu katikati. Nafasi ilitosha kabisa. Mtoto alitaka kupanda na mama yake, Mama akamshika.

"Ukifunga mlango usiubamize," dada aliniambia. "Nausikia mkiubamiza kila siku."

Nikaufunga taratibu.

Daktari aliniambia baadaye, bila ukali wowote, kwamba angeletwa siku ile ile alipoanza homa, nimonia ile ingetibika. Ule ugonjwa mwingine hapana, lakini nimonia ile, ndiyo. Alikaa wodini siku kumi na moja, akafa. Nasema hili mapema ili msomaji asibaki na tumaini ambalo mimi nilikuwa nalo njiani. Nilikuwa nalo. Niliendesha kutoka Nshamba hadi Muleba, kutoka Muleba hadi Kemondo, nikiomba kila shimo lisamehe, na kila shimo lilimfikia kupitia zile springi ngumu. Nilikuwa na kioo, lakini alikuwa chini mno, sikuweza kumwona. Nilimsikia tu. Mahali barabara ilipoharibika zaidi alisema, "Mpola, waitu. Mpola." Nikapunguza mwendo. Kisha akanyamaza muda mrefu, nikasimamisha gari pembeni, nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma kuangalia.

Alikuwa ananitazama.

"Endesha," alisema. "Ukisimama watu wataanza kukusanyika."

Na kweli, wanawake wawili waliokuwa wanapalilia walikuwa wamekwisha kutua majembe na kufunga vizuri kanga zao. Wanaume barabarani walivua kofia tulipopita. Njia yote hiyo, kutoka kwetu hadi mjini, watu walisimama kutupisha, kama tulivyofunzwa wote tangu utotoni, na mimi sikuweza kumwambia kila mmoja wao aketi.

Tulifika hospitali jua likiwa kali, mvua imekatika. Ndani ya geti barabara iligawanyika: kushoto kwenda wodini, kulia kushuka chini ya miti hadi chumba cha maiti, na kila upande ulikuwa na mti wake wa kuzuia magari. Mlinzi alikuwa mzee wa makamo, ananifahamu. Miezi yote ile nilikuwa nimekuja kwake mara nyingi, na kila mara nilikuja kwa kazi moja. Aliliona gari la kijani kabla hajaniona mimi. Hakungoja nisimame. Aliinua mti wa kulia, akavua kofia, akaiweka kifuani.

"Poleni sana, ndugu yangu," alisema. "Piteni."

Nilisimamisha gari. Nilifungua mdomo nimwambie. Nilikuwa na maneno yote: huyu ni mgonjwa, ni muuguzi mwenzenu, ni dada yangu. Hakuna lililotoka. Nilikaa pale nimeshika usukani, na mlinzi akafikiri ni majonzi, akaniashiria kwa kofia, kwa upole, kwamba njia ni nyeupe, nishuke tu.

Nyuma yangu nilisikia chuma kinalia. Dada alikuwa ameshika mguu wa benchi lililokunjwa, anajivuta. Nilisikia pumzi yake, kisha kiganja chake kwenye kioo cha pembeni, kisha nikauona uso wake ukitokea dirishani, umelowa, kitambaa kimemtoka kichwani. Mlinzi alirudi nyuma hatua moja.

"Baba," dada alimwambia, "bado. Nifungulie upande ule mwingine."

Mlinzi aliivaa kofia yake, akaenda kufungua.